Si Kila Mti wa Matopeni ni Mkoko

Watu wa Mji wa Kale, Mombasa, tuna ujuzi mwingi wa kupambanua. Mtu ataonja kijiko kimoja cha biriani akuambie imetoka jikoni kwa nani. Samaki atamtambua kwa mkia tu, na mkia wenyewe umefungwa gazetini. Lakini mtu huyohuyo mpeleke Tudor, maji yamekupwa, umwonyeshe miti iliyosimama kwenye matope. Atapunga mkono: "Mikoko hiyo." Kisha atauliza kama kuna mahali pa kunywa kahawa.

Pwani ya Kenya ina aina tisa za miti hiyo. Asiyeujua msikundazi nitamsamehe, haupatikani ovyo. Kinachonikera ni miti mitatu ya ukoo mmoja, mkoko, muia na mkandaa, ambayo tunaishi nayo ng'ambo tu ya maji. Nakubali inafanana. Mbegu zake huota zikiwa bado mtini, zikaning'inia hadi zianguke. Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja. Mimi na shemeji yangu pia tunafanana, na sitaki kuulizwa madeni yake.

Haya, nafundisha bure. Mkoko mizizi yake huchomoza shinani juu na kushuka matopeni, mti ukasimama kwa miguu mingi. Jani lina ncha ya kuchoma, na ukiligeuza utaona vidoadoa vyeusi. Mbegu ni ndefu, ina vipele, na huweza kupita nusu mita. Muia mizizi yake huinuka juu ya tope ikapiga magoti, ikarudi chini. Kikombe cha ua lake aghalabu ni chekundu, na mbegu ni fupi, nene, laini. Mkandaa ni mdogo, ncha ya jani imeviringa, na mbegu yake nyembamba ina migongo ya kupapasika. Ukiwa bado huoni, hesabu meno ya kikombe cha ua: mkoko manne, mkandaa matano, muia kumi na zaidi. Basi! Watu wanaohesabu chenji ya matatu gizani, huku gari linakwenda, wanashindwa kuhesabu mpaka tano mchana.

Mpwa wangu alikwenda kupanda miti na kikundi fulani. Walichomeka mbegu za mkoko mbele kabisa, mchangani, mahali pa mlilana, mti mwingine kabisa, kwa sababu za mkoko ndizo rahisi kuokota na kuchomeka. Wakapiga picha, wakagawiwa fulana. Mawimbi yakazing'oa.

"Mjomba, si yote hukaa majini?"

Nyangumi naye hukaa majini, nikamwambia.

Mafundi nao wasikutie moyo. Niliuliza boriti za dari langu ni za mti gani, fundi akanitazama kama nimemuuliza kabila lake. "Boriti ni boriti, mzee." Na kweli, biashara hiyo hupanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yalibeba shehena za miti hiyo hadi Ghuba mpaka serikali ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vya nyumba zetu za kale, kama mita mbili na nusu hivi, na ndiyo maana sofa aliyoinunua mke wangu imesimama ukumbini kwa ubavu. Lawama zote zimeangukia mababu zangu. Mti wenyewe hakuna aliyeugusa.

Juzi mpwa wangu akaja mbio na simu, kashinda. Amegundua kwamba Linnaeus, yule bingwa wa Sweden wa kupanga mimea, mwaka 1753 aliutia muia katika jenasi ya Rhizophora, jenasi ya mkoko. "Mjomba, hata yeye kasema ni mkoko!"

Nikamwambia Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika, na waliokuja baadaye wakautoa muia humo, wakaupa jenasi yake, Bruguiera. Wewe umezaliwa Bondeni. Mikindani ni nauli ya matatu, leo bamvua, maji yametoka mpaka mbali. Nenda ukahesabu meno.

Akasema jua kali.