Seva za Kujipakulia

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja, na Afrika Mashariki ikabaki inatazama kiduara kikizunguka kwenye kioo. Jumatatu mkurugenzi wetu alikitazama cha kwake mpaka adhana ya Adhuhuri, kisha akatoa agizo: kazi zetu zote zilizokuwa kwenye seva za kukodi Ulaya zirudi nyumbani. Tujenge wingu letu wenyewe, hapa hapa Mji Mkongwe, na wanaprogramu wajipakulie.

“Na umeme je?” akauliza Bi Mkubwa wa uhasibu. Swali la haki. Umeme wa Unguja nao unapita baharini, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na waya ulipopata hitilafu Desemba 2009 tulikaa gizani mpaka Machi 2010. Mkurugenzi akasema tutanunua jenereta. Mikutano mingi ya Zanzibar huishia kwenye jenereta.

Zamani mwanaprogramu akitaka seva aliandika barua, mkuu wake akaisaini, ikaja kwangu, nami nikaishughulikia nikishamaliza chai. Sasa angefungua ukurasa, achague prosesa, memori na diski, abonyeze, na dakika chache baadaye apate seva pepe yake bila kumwona mtu. Tulichagua OpenStack, programu iliyoanzishwa na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace mwaka 2010, ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua bure. Nilifurahi sana: kazi ya watu wa anga za juu, ndani ya ghala kuukuu lenye harufu ya chokaa.

Kufika ghalani ilikuwa shughuli nyingine. Gari haliingii kichochoroni kwetu, basi kabati la seva likaja kwa mkokoteni, na mchukuzi akaniuliza friza hili linatoa barafu kiasi gani kwa siku. Mkurugenzi alitaka likae ghorofani, lionekane na wageni. Fundi mwashi akainua macho kwenye dari. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Akauliza uzito. Akaambiwa. Akauliza kama tumeisahau Beit al-Ajaib. Tangu sehemu ya kasri hilo la Seyyid Barghash, lililojengwa 1883, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, mwashi wa Mjini akikukataza jambo la ghorofani hubishani naye. Likabaki chini, penye unyevu, na kiyoyozi chake kikanunuliwa kabla ya cha mkurugenzi. Hilo hajalisamehe.

Tukafungua jukwaa. Kitufe kikapigwa, halafu ikapigwa simu.

“Assalamu alaykum, kaka. Habari za nyumbani? Wazee wazima? Nimebonyeza pale. Umeona?”

“Hakuna wa kuona, ndugu yangu. Mashine inatoa yenyewe.”

“Nimekuelewa. Basi nifanyie wepesi.”

Nadhani ukurasa ulikuwa na kasoro moja tu: haukuwa na mahali pa kuulizana hali. Kupewa kitu na mtu usiyemsalimu ni jambo la kutia wasiwasi.

Wasiwasi ulipokwisha, ukaja uroho. Zikazuka seva zinazoitwa jaribio, jaribio_jipya, la_mwisho, la_mwisho_kabisa. Kijana mmoja alijichukulia gigabaiti 64 za memori kwa ajili ya ukurasa unaoonyesha ratiba ya boti. Kabati likajaa. Tukauliza msifute_tafadhali ni ya nani, kimya. Mtu wa zamu akaizima. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikituma ujumbe wa mishahara, na mwisho wa mwezi ule hata walinzi walitaka kujua OpenStack ni nini.

Mkurugenzi akaleta dawa yake: ombi lipite kwa mkuu wa idara, kisha uhasibu, kisha kwake, na nakala moja ichapishwe. Pale Jaws Corner, baraza la kahawa hapa Mji Mkongwe, kuna simu imetundikwa, na tangazo lake linasema kupiga nchi za nje ni bure. Ukitaka kujua jukwaa letu lilifanyaje kazi miezi hiyo, kaipige.

Aliyetuokoa ni Bi Mkubwa. “Kwani Tukuza mnaionaje?” akasema. Kila nyumba ya Unguja yenye mita ya Tukuza hununua umeme, huingiza tarakimu 20 yenyewe, na hakuna anayepiga simu kuuliza kama ameonekana. Na taa za uani siku hizi huzimwa mapema, kwa sababu uniti zinaonekana zikishuka. Basi kila timu ikapewa uniti zake za mwezi, kila seva ikaandikwa imekula shilingi ngapi tangu asubuhi, uniti zikiisha inalala. Saini zote zikafutwa. Usiku wa kwanza la_mwisho na la_mwisho_kabisa zilifutwa na wenyewe. Ratiba ya boti ikashuka hadi gigabaiti nne, na boti hazikutambua.

Sasa timu huombana uniti, na soko lake liko barazani. Alasiri moja nilimkuta mkuu wa timu ya malipo amekaa Jaws Corner, na yule kijana wa boti amemwagizia kahawa na kashata. Waliulizana afya, wakaulizana wazee, wakaijadili masika kwa urefu. Ndipo kijana akasema anahitaji uniti za gigabaiti nane, mpaka mwisho wa mwezi tu.

“Nane nyingi, mwanangu,” mzee akasema, akichagua kipande cha kashata. “Chukua sita.” Kisha akaninyooshea kidole. “Na ulipe kahawa ya huyu. Mashine ni zake.”