Kasida ya Kanuni Isiyoeleweka

Washairi wamewasifu wafalme, farasi, majahazi na wake za watu. Kanuni ya uchawi iliyoandikwa nusunusu haijapata hata ubeti mmoja, ilhali ndiyo inayowakesheza watu wazima wenye kazi za kuwahi asubuhi. Deni hilo lazima lilipwe.

Makao yake makuu ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 huko Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Wachezaji huigiza wahusika: mpiganaji, mwizi, kasisi, mchawi. Mmoja wao huwa msimamizi. Ndiye anayesimulia ulimwengu mzima, kuanzia majoka hadi wenye mikahawa, na dadu humsaidia kuamua. Mpiganaji hana makuu. Akiinua upanga, dadu hurushwa, na shauri limekwisha. Mchawi ndiye anayefika mezani na kitabu kilichokunjwa pembe kwenye ukurasa anaotaka kuubishia.

Uchawi uitwao Mpira wa Moto unastahili kutazamwa kidogo. Vijitabu vya 1974 viliueleza kwa ufupi: ukilipuka mahali pembamba, moto hufuata umbo la mahali penyewe. Hufuata mpaka wapi? Kila meza ilijijibu. Mwaka 1978 Gygax akakata mzizi wa fitina, au alidhani ameukata, kwa kutaja kipimo: moto hujaza takriban futi za ujazo 33,000. Basi hesabu ikaingia ndani ya pango. Njia ya chini ya ardhi yenye upana wa futi 10 na kimo cha futi 10 hujaa moto kwa urefu wa futi 330, yaani 165 kila upande. Mchawi wa daraja la 5, ambaye ndiyo kwanza amefuzu kuurusha, hawezi kuufikisha zaidi ya futi 150. Kwa hiyo akiurusha mwisho wa uwezo wake, moto unamrudia yeye na wenzake na kuwapita kwa futi 15. Kanuni fupi ilileta ubishi. Ile yenye vipimo ilileta ubishi na majeruhi.

Haikuishia hapo, ikaajiri watu. Mwaka 1979 jarida la Dragon lilianzisha Sage Advice, safu ya kujibu maswali ya wachezaji. Ilianza mikononi mwa Jean Wells, baadaye Skip Williams akaishika kwa miaka mingi, na katika toleo la tano la mchezo, la mwaka 2014, kiti kikawa cha Jeremy Crawford. Moja ya fatwa zilizotoka huko inahusu pumzi ya joka: je, moto unaotoka kinywani mwake ni uchawi? Swali si la kipuuzi, kwa maana lipo tamko linalofuta uchawi wote uliomzunguka mtu, na aliyejificha ndani yake hutaka kujua kama ataungua. Jibu rasmi ni kwamba ataungua. Joka ni kiumbe wa ajabu, lakini pumzi yake haihesabiwi kuwa uchawi kwa maana ya kanuni. Wasio na muda wa kucheza watacheka. Wanafunzi wa sheria hawatacheka.

Kuna pia tamko la kuumba maji, hadi galoni 10, ndani ya chombo kilicho wazi. Hakuna aliyewahi kulitazama kwa jicho la ujanja asiulize kama mapafu ya adui anayepiga kelele ni chombo kilicho wazi. Msimamizi mwenye akili timamu hukataa, kisha hutumia nusu saa kueleza kwa nini.

Lakini kilele cha utukufu ni tamko la Matakwa, linalompa mchawi karibu lolote atakalolitamka. Hapo utata umeachwa kwa makusudi, na wasimamizi huutumia bila huruma. Kitabu cha 2014 chenyewe kinatoa mfano: ukitaka mhalifu fulani awe amekufa, huenda ukarushwa mbele hadi zama ambazo hayuko hai tena, na wewe ukawa umetoka mchezoni. Anayelipindisha tamko hilo kupita matumizi yake ya kawaida ana asilimia 33 ya kutoweza kulitumia tena maisha yake yote.

Wapo waliojaribu kumfukuza mfadhili huyu, utata. Toleo la nne, mwaka 2008, liliandika uwezo wa kila mhusika kwa istilahi zilizobanwa, masimulizi yakatengwa pembeni. Lilikuwa safi mno. Wachezaji wengi walilalamika kwamba linanuka michezo ya kompyuta, na mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, iliyoendeleza kanuni za zamani pamoja na vichaka vyake vyote. Mtu haachi kitu anachokipenda kwa sababu kinamuumiza kichwa.

Ushindi mkubwa wa utata, hata hivyo, umo katika suala la mtu asiyeonekana. Kanuni za 2014 zilisema anayemshambulia hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Je, mshambuliaji mwenye tamko la kuona visivyoonekana? Crawford alijibu kwamba maandishi hayamsaidii: anamwona adui waziwazi, na bado anapiga kama kipofu. Kelele zilidumu miaka kumi. Toleo la 2024 likarekebisha: ukionekana na mtu, faida yako kwake imekwisha.

Toleo hilohilo likampa kila anayejificha vizuri hali ya kutoonekana. Hali hiyo humtoka akitoa sauti inayozidi mnong'ono, adui akimgundua, akishambulia, au akitamka uchawi kwa sauti. Kuhusu kutoka mafichoni na kumpita mlinzi usoni mchana kweupe, orodha haisemi kitu, na wachezaji wameshaanza.