Chochote Kilicho Kidogo: Barua ya Wazi kwa Meneja wa Madai ya Bima

Mheshimiwa Meneja wa Madai,

YAH: SHUKRANI KWA MAZISHI YA GARI LANGU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Natumaini mu wazima huko ghorofa ya saba. Mimi pia ni mzima, na hapo ndipo ugomvi wangu na kampuni yenu ulipoanzia.

Najua faili langu limelaliwa na mafaili mengine, basi nikukumbushe. Ilikuwa Jumatano ya mwezi Juni, saa moja kasoro asubuhi, nashuka na Barabara ya Bagamoyo kuelekea Mwenge ili niwahi kipindi cha kwanza, maana mimi ni mwalimu wa hesabu. Bodaboda alichomoka kushoto, Coaster iliyokuwa mbele yangu ikakanyaga breki, nami nikaikumba kwa nyuma nikiwa mwendo wa 40 hivi. IST yangu ya mwaka 2005 ikapoteza bampa, shoo, taa ya kushoto na rejeta. Boneti likakunjika kama sambusa iliyokaliwa. Abiria wa Coaster walishuka, wakatazama, wakapanda tena. Kwa fundi yeyote wa Gerezani ile ilikuwa kazi ya siku nne, ya tano ni ya rangi kukauka.

Lakini eabegi zilikuwa zimefyatuka, zote mbili.

Sijui, Mheshimiwa, kama umewahi kupigwa na eabegi. Kwanza ni mlio, kama mtu amelipua fataki ndani ya kabati ukiwa humohumo. Halafu vumbi jeupe na harufu ya baruti. Halafu unajipapasa na kushangaa kwamba pua bado ipo. Kihisi kimehisi mshtuko, kompyuta imeamua, kemikali imewaka ikawa gesi, mfuko umejaa, na yote hayo yametimia katika takribani sehemu 30 za elfu za sekunde. Kope haijafunga. Katika muda huo kifaa kilichokaa kimya karibu miaka 20, kikivumilia joto na unyevu wa Dar es Salaam, kilipokea madai yangu, kikayachunguza, kikayakubali na kuyalipa kwa ukamilifu. Idara yako ilichukua siku 71.

(Si mifuko yote yenye subira ile. Ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, baruti yake ilikuwa inaharibika kwa joto na unyevu, ikifyatuka inapasua chombo chake na kurusha vipande vya chuma. Yangu ilifanya kazi iliyotumwa. Nalisema hili ili ijulikane ni nani katika kisa hiki aliyetimiza mkataba.)

Mkadiriaji wenu wa hasara alifika yadi na kamera. Kijana mstaarabu, ameniamkia vizuri. Alilizunguka gari mara mbili, boneti hakuligusa. Alipochungulia dirishani na kuona ile mifuko miwili inaning'inia kama kanga mbichi kwenye kamba, akafunga kamera yake. "Pole, mwalimu," akasema. "Hili limekwenda." Nilidhani anamaanisha linakwenda gereji.

Makadirio yalipokuja nikayasoma kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea ya kazi. Bodi, taa, rejeta na rangi: shilingi 1,400,000. Sina neno. Kisha likaja fungu la pili. Eabegi mbili mpya. Kompyuta ya eabegi, kwa sababu ile ya zamani imeshaandika ajali kumbukumbuni. Mikanda miwili ya mbele, kwa sababu nayo ina baruti yake ndogo ya kuikaza na imekwisha kuwaka. Waya wa duara ulioko nyuma ya usukani. Dashibodi nzima, kwa sababu mfuko wa abiria hutokea kwa kuipasua. Kioo cha mbele, kilichopigwa na kifuniko cha mfuko huohuo. Jumla ya fungu hilo: 4,700,000. Yaani kilichoharibiwa na Coaster ni milioni moja na ushee, na kilichoharibiwa na kuokolewa kwangu ni zaidi ya mara tatu yake. Ningegonga polepole kidogo eabegi zikalala, gari lingepona. Ningezing'oa mapema nikaziuza, gari lingepona vilevile, mwenyewe ndiye ningekwenda kwa usukani wa kifuani.

Ndipo mkanitumia barua yenye maneno "hasara ya jumla". Nilifurahi mno, maana maisha yangu yote nimepata hasara za rejareja, na huku mtaani kwetu cha jumla siku zote kina punguzo. Kumbe punguzo lilikuwa la kwangu kulitoa.

Hapa naomba utulie, Mheshimiwa, tupige hesabu pamoja. Sera yenu inasema matengenezo yakizidi asilimia 60 ya thamani ya gari, gari ni hasara ya jumla. Vizuri. Matengenezo ni 6,100,000. Thamani je? Mwezi Machi, miezi mitatu kabla ya ajali, nilikwenda ofisini kwenu kuhuisha bima kubwa. Nilitaka kuandika gari ni la milioni 9. Kijana wa kaunta akanionya kwa upole: mwalimu, ukilishusha thamani, siku ya ajali tutakulipa kwa uwiano, weka 12. Uwiano nafundisha, nikamwelewa. Tukaweka 12. Mkachukua asilimia 3.5 yake, yaani 420,000, mkaongeza kodi ya 75,600, nikalipa 495,600 kwa simu na nikapokea ujumbe wa kunikaribisha katika familia.

Kwa milioni 12 hizo, matengenezo ni asilimia 50 na ushee. Gari ni mgonjwa, linatibika. Lakini siku ya madai mkaniambia thamani siyo ile ya Machi, bali ni "bei ya soko", na soko limesema milioni 8.5. Nikauliza soko lipi, Ilala, Tandale au Kariakoo? Nikajibiwa: soko. Basi kwa milioni 8.5, matengenezo yaleyale, ya gari lilelile, kwenye yadi ileile, yanakuwa karibu asilimia 72. Gari ni maiti.

Umeona, Mheshimiwa? Coaster haikuliua gari langu. Bodaboda hakuliua. Eabegi zililijeruhi tu. Lililomaliza kazi ni karatasi, iliyoshusha thamani kwa milioni 3.5 ndani ya miezi mitatu, karibu shilingi 39,000 kila siku ya Mungu, Jumapili zikiwemo, nikiwa nimeliegesha chini ya mwembe. Ningejua linayeyuka kwa kasi hiyo ningeliweka kwenye jokofu.

Nilipolalamika nikaonyeshwa ukurasa wa 14 wa mkataba. Pale pameandikwa kwamba mtalipa kiasi kilichokatiwa bima au bei ya soko, "chochote kilicho kidogo". Mheshimiwa, nimefundisha hesabu miaka 22 na sijakutana na kanuni iliyonyooka kama hii. Nikaiandika ubaoni Kidato cha Pili, nikauliza darasa: mteja akithaminisha juu, alipwe kipi? Cha soko. Akithaminisha chini? Cha uwiano. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hula ubuyu kipindi kizima, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na ile hela ya kukata bima, wanachukua ya kipi?" Nikamwambia akae chini. Hajafikia kiwango cha kuuliza hivyo.

Kwenye 8,500,000 mkakata asilimia 10 ya kwanza, ambayo mkataba unasema naibeba mwenyewe. Nikabaki na 7,650,000. Miezi tisa ya bima niliyokwisha kuilipia nayo ikazikwa na marehemu, kwa kuwa, nilielezwa, bima imetumika yote. Na kabla ya kupata hata senti nikapewa karatasi ya kusaini kwamba nimeridhika kabisa na sitadai kitu tena duniani. Nikaisaini. Nilikuwa napanda daladala tatu kwa siku, mke wangu alishaacha kuniuliza habari za madai kama mtu anavyoacha kuuliza habari za mgonjwa asiyepona. Kuridhika kulikuwa kumenijaa hadi kooni.

Nikiri jambo moja, nisije nikaonekana nalalamika tu. Kukataa kulifufua gari kwa ubabaishaji mlikuwa na haki. Mafundi nawajua. Fundi wangu mwenyewe aliniambia nisihangaike na vitu vya mamilioni. Usukani unashonewa kifuniko, dashibodi inazibwa kwa faiba na kupigwa rangi. Taa ya eabegi inaunganishwa na waya wa taa ya chaji, ukifungua swichi inawaka, injini ikinguruma inazimika, mwenye gari analala usingizi. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa onyo juu ya eabegi za bei rahisi zilizofungwa kwenye magari ambayo yalikwisha kupata ajali. Zilipofyatuka ziliua watu ambao ajali yenyewe isingewaua. Kwa hiyo niliposikia "hasara ya jumla" nilijifariji kwamba angalau gari langu halitamdanganya mtu mwingine. Mmelizika, nikasema. Poleni na kazi.

Katika kujifariji huko nilisoma hata habari za aliyekibuni kifaa hiki. Ni Mmarekani, John Hetrick, aliyepata hati ya ubunifu mwaka 1953. Alikuwa barabarani na familia yake, akakwepa kizuizi na kuingia mtaroni, na yeye na mkewe wakajikuta wamenyoosha mikono mbele ya binti yao asijigonge dashibodi. Wazo la mfuko likatoka kwenye mikono hiyo. Hati yake ikaisha muda kabla kampuni za magari hazijaanza kuuza mifuko hiyo, hivyo haikumwingizia kitu. Niliposoma hapo nikafunga kitabu. Inaonekana kutolipwa ni desturi ya ukoo.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki ya sita baada ya malipo yenu niliita teksi kwa simu kutoka Ubungo kwenda Kimara, mvua ilikuwa imekaza. Simu ikaonyesha namba ya gari linalokuja. Namba ile naijua kuliko namba yangu ya uanachama wa bima. Nikajua mtandao umekosea. Haukukosea. Likaja, rangi inang'aa, boneti jipya, na kwenye mlango wa nyuma kulia ile michoro ya msumari aliyoichora mwanangu akiwa darasa la kwanza.

Nilikaa mbele, kiti cha abiria. Dereva ni kijana mchangamfu, ana tasbihi kwenye kioo. Alipowasha, taa ya eabegi ikawaka, kisha ikazimika kwa adabu pamoja na ya chaji. Nikaupapasa usukani kwa jicho: uzi mweusi, mshono mzuri. Dashibodi mbele yangu ilikuwa laini kama sinia la pilau lililolambwa.

"Gari zuri," nikasema.

"Safi kabisa, bosi. Haijawahi kuguswa hii. Ilikuwa ya mwalimu."

"Umelichukua kwa ngapi?"

"Dalali alitaka 12, tukamalizana 11. Soko ndiyo hilo, bosi."

Milioni 11, Mheshimiwa. Likiwa zima, lina eabegi mbili na mwalimu ndani, soko lilisema 8.5. Limekufa, limezikwa, limefufuka halina eabegi hata moja, soko linasema 11. Nami nilitoa simu yangu palepale, nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa kuhakiki stika wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Majibu yakaja kabla hatujafika Kibo. Bima hai. Aina: bima kubwa. Kampuni: ninyi.

Nilimwambia yule kijana ukweli wote, kwamba mbele yake na mbele yangu hakuna mfuko, kuna faiba na uzi. Alicheka sana. "Bosi," akasema, "eabegi ni Mungu tu." Nikateremka Kimara, nikamlipa, akanipa chenji yote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nina maombi machache. Kama kitabu chenu cha marehemu kinakubali masahihisho, mlipe ile tofauti, sasa kwa kuwa soko lenyewe limesema. Kama hakikubali, mpigieni simu mteja wenu mpya mumwambie mlichokiona yadi, kwa sababu mimi ameniona mzee mwoga wa mvua. Na siku atakapokuja kudai, namwombea iwe mbali, mumlipe kwa bei mliyomwandikia siku ya kumkaribisha katika familia.

Tangu siku ile nikiita teksi nakaa kiti cha nyuma.

Wako mtiifu,

Mwalimu, mmiliki wa zamani wa marehemu

Nakala: Kijana wa kaunta aliyesema weka 12.