Uainishaji wa Awali wa Viumbe wa Jumuiya Ndogondogo

Tangu maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuupa kipaumbele ujenzi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, wanateolojia wameandika mengi kuhusu jumuiya yenyewe na machache mno kuhusu viumbe wanaoishi humo. Makala hii inaziba pengo hilo. Eneo la utafiti ni sebule za mtaa mmoja wa Dar es Salaam, zinazopokezana sala kila Jumamosi alfajiri.

Wapo wanaowaainisha wanajumuiya kwa bahasha ya zaka. Kigezo hicho kinamfaa mweka hazina peke yake. Sisi tumetumia zile hatua saba za kushirikishana Injili zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, kwa kuwa imebainika kwamba karibu kila mwanajumuiya ana hatua moja ya kuchangamka na sita za kuvumilia.

Hatua ya kwanza, ya kumkaribisha Bwana, ni ya Mtangulizi. Huyu kwa kawaida ni bibi, na hufika kabla mwenye nyumba hajaoga. Ya pili na ya tatu ni za Msomaji, mwenye sauti ya taarifa ya habari. Ya nne ni kimya, na hapa sayansi inapata taabu, maana Mtafakari na Msinziaji hawatofautiani kwa macho. Tumelazimika kusubiri chai ipite: Msinziaji ndiye huamka kwanza.

Hatua ya tano mtu huombwa aeleze neno lililomgusa yeye. Mhubiri hueleza neno lililopaswa kuwagusa wengine, huku akimkazia macho kijana ambaye bado hajafunga ndoa kanisani.

Naomba kuiruka ya sita kwa muda, niende ya saba, ya maombi, penye kiumbe adimu kwa ufundi: Mwombea-habari. “Ee Bwana, umkumbuke jirani yetu wa nyumba ya bluu, ambaye mumewe amehamia Kimara bila kuaga, na kodi ya miezi mitatu haijalipwa...” Wote huitikia kwa juhudi isiyo ya kawaida. Mapadre humkemea, na mimi nilikusudia kumkemea, lakini takwimu za sebuleni zimenikatalia. Bila yeye nani angejua kwamba nyumba ya bluu haina unga? Umbea na huruma, katika mtaa huu, hupita bomba moja.

Na unga huo hufika kwa njia ya hatua ya sita, inayouliza: basi, wiki hii tufanye nini? Hapo sebule hunyamaza kuliko hatua ya nne. Wengine huanza kusoma kalenda ya ukutani, hata ikiwa ya mwaka juzi. Hatimaye mwenyekiti hupanga watu wawili wawili, na hupanga vibaya kwa makusudi: Mhubiri na yule kijana, au majirani waliogombania mfereji wa maji machafu, wapeleke sukari na sabuni kwa mzee aliyewafukuza wageni wa mwezi uliopita. Safari ni ya mita 200. Wapo wanaodai kwamba imani imepoa na haina tena msisimko. Hao hawajawahi kupangwa na mwenyekiti wetu.

Spishi moja imesumbua jedwali. Mfuata-barua huonekana tu mtoto anapokaribia ubatizo, maana paroko anataka barua ya jumuiya. Vitabu vyote vingemwita kupe. Lakini aibu humfanya ashindwe kukataa chochote, na kiroba cha nyumba ya bluu alikibeba yeye. Tumemwacha bila kundi.

Upungufu wa utafiti: mbinu ya kutazama bila kushiriki haiwezekani katika mazingira haya. Mtu yeyote akionekana sebuleni na kalamu na daftari huchaguliwa kuwa katibu, kwa miaka mitatu, kabla chai haijaisha.