Sifa za Hogo

Wote waliowahi kulivaa hulitukana, na likishakatwa hulitupa jaani bila asante. Leo nalisifu hogo, lile la hospitali, si la shambani. Mwamba ngoma huivutia kwake, nami sikatai kwamba lilikuwa mkononi mwangu wiki sita.

Nianze na ukoo wake, kama wafanyiwavyo wakubwa. Hogo ni mtoto wa jasi, jiwe lile lile linalochimbwa Makanya, wilayani Same, na kupelekwa viwandani kuchanganywa kwenye saruji. Jasi ikichomwa hupoteza maji yake ikawa unga. Ukiirudishia maji, inakumbuka kwamba ilikuwa jiwe. Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ndiye aliyeupaka unga huo kwenye bandeji, na mwaka 1852 akaitangaza njia yake kwa maandishi. Mimi na yeye tulikutana mtaroni.

Ilikuwa Buguruni, kwenye mdundiko wa kumtoa mwali. Kwa asiyeujua, mdundiko ni ngoma ya Wazaramo isiyotulia mahali pamoja: wapigaji wanatangulia mtaani, nyuma yao kina mama, na nyuma ya kina mama watoto ambao jioni wazazi wao watawatafuta hadi Tandika. Nilikuwa nimeivaa ngoma begani, shingo nimeigeuza nyuma kuangalia nani anatunza. Nikatumbukia. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini yangu haikupata hata mkwaruzo. Nilipasuka mimi, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa kulia.

Miaka ishirini nimewamba ngoma. Ngozi unailoweka, unaivuta, unaikaza, kisha unaisogeza motoni mpaka ilie. Siku hiyo nikawambwa mimi. Mtaalamu alichovya bandeji kwenye beseni, akazungusha kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, huku akilainisha polepole. Baada ya dakika chache mkono ukaanza kupata joto, wala hakuna moto. Nikashtuka. "Tulia mzee, linakaza," akaniambia. Nikaligonga kwa ukucha: du. Kesho yake, lilipoanza kukauka, likajibu ti. Ngoma gani nyingine inajiwamba na kujianika yenyewe?

Fadhila zake sizimalizi. Wiki sita sikubeba ndoo. Kwenye daladala konda alikuwa akipaza sauti, "Mpisheni mzee wa hogo!" na vijana wakanyanyuka. Kula kwa kushoto kwetu ni aibu, kwa hiyo mke wangu alinilisha matonge, jambo lililotokea mara ya mwisho wakati wa fungate. Muwasho nao una adabu zake: hauji mchana ukiwa na shughuli, unasubiri ulale. Daktari alinikataza kuingiza kitu chochote humo ndani. Spoku ya baiskeli iliyokutwa chini ya mto ni ya mjukuu.

Mpwa wangu, katika kunifariji, alinisimulia habari za Rick Allen, mpiga ngoma wa Def Leppard ya Uingereza. Tarehe 31 Desemba 1984 alipoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari, akajifunza kufanya kwa mguu kazi ya mkono ule, na Agosti 1986 akapanda jukwaani Donington. Nikamwambia, mwanangu, huyo ana ujasiri. Mimi nina hogo.

Lakini sifa yake kubwa ni moja, nayo iliniuma. Lilinipeleka nyuma. Kwenye mdundiko uliofuata nafasi yangu ilishikwa na kijana mwenye haraka haraka, nami nikatembea na kina mama, kwenye vumbi. Wakacheza kama kawaida! Miaka ishirini niliamini wanafuata mkono wangu wa kulia. Kule nyuma mkono wa mtu husikii. Unasikia vumi.

Likakatwa kwa msumeno wa umeme ambao hauzunguki, unatetemeka tu, na haudhuru ngozi, ingawa nilipiga kelele kwa tahadhari. Ukatoka mkono wa mtu mwingine: mwembamba, umepauka, una magamba kama kenge. Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi. Nageuza kiganja juu kama anayepokea chenji, nakunja ngumi kwenye maji ya vuguvugu, nakamua kitambaa. Pigo langu la kwanza kwenye chapuo halikuwatisha hata nzi.

Vipande viwili vya hogo niliviomba, nimevifunga pamoja kwa mpira wa baiskeli na kuvitundika ukutani. Mke wangu anasema vinanuka. Jumamosi tuna mdundiko tena Buguruni; nitapiga mwanzo tu, kisha namwachia yule kijana. Nimeshamwonyesha mtaro. Bado hauna mfuniko.