Sifa za Kompyuta Mbili Zisizosalimiana

Wenzangu wamesifu ng'ombe, migomba na viongozi. Mimi naomba nafasi nisifu kitu ambacho hakijawahi kupigiwa hata kigelegele kimoja: ukaidi wa Mac na Windows, zikiwekwa meza moja, chini ya waifai moja, zikakataa kupeana faili. Huku kwetu Nyabusozi Mac huja na wapiga video wa harusi. Windows ndizo zetu sisi wa steshenari. Zikikutana, heshima kubwa hushuka.

Ukaidi huu unatunza siri, maana picha isiyohama haivuji. Unakuza ibada: sijaona kwingine Muislamu na Mlutheri wakiombea kioo kimoja. Tena una ukarimu, kwani Mac ikinakili nyimbo kwenye flashi, kando ya kila wimbo huacha kifaili chake kidogo. Ukichomeka kwenye redio ya gari unakuta nyimbo zimekuwa maradufu, nusu yake mabubu.

Lakini sifa yake kuu ni ajira. Chukua video ya harusi ya gigabaiti sita. Waifai imegoma, inaletwa flashi. Ikiwa imefomatiwa kwa NTFS, Mac itaisoma mwanzo hadi mwisho bila kukubali kuandika hata nukta. Ikiwa ni FAT32, zote mbili zinaandika, ila faili lisizidi gigabaiti 4. Basi harusi inakatwa: upande wa bwana flashi moja, upande wa bibi nyingine. Flashi ya pili inafuatwa Biharamulo mjini kwa bodaboda. Dereva akirudi anakula kwa mama lishe, mama lishe ananunua mkaa, muuza mkaa anapata mahari ya kumwozesha kijana wake, na harusi hiyo itapigwa video kwa Mac. Mchumi gani amewahi kubuni mzunguko uliokamilika namna hii? Atatokea mwenye choyo aseme kuna exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006, ambayo pande zote huisoma na kuiandika bila kukata harusi ya mtu. Huyo ni adui wa vijana.

Sifa nyingine ni kumkumbusha mtu ya zamani. Mac inaomba jina na nywila ya upande wa Windows. Mteja anaweka PIN anayofungulia kila asubuhi. Inakataliwa. Anarudia taratibu. Inakataliwa. PIN hiyo hufanya kazi ndani ya mashine yake tu. Mtandao unataka nywila ya akaunti, ile aliyoiweka siku ya kununua na hajaiandika tena tangu hapo. Sasa kwa nini isimwambie hivyo? Sentensi moja tu! Na huko kwenye Mac, kisanduku cha kuruhusu Windows kimefichwa nyuma ya kitufe, ndani yake uweke tiki kwenye jina lako, kisha nywila yako tena. Nani alikificha huko, na alikuwa anamkomoa nani?

Maana lugha ya kupeana faili mtandaoni wanayo moja, iitwayo SMB. SMB ilizaliwa IBM miaka ya 1980, Windows wakaishika, na Apple wakaifanya chaguo lao la kwanza mwaka 2013. Hata wakubwa wenyewe walipatana zamani: mwaka 1997 Bill Gates alitokea kwenye skrini kubwa nyuma ya Steve Jobs kule Boston, Microsoft ikiweka dola milioni 150 ndani ya Apple. Wenye ugomvi walishapeana mikono, sisi tumeachiwa ugomvi.

Kupatana kwenyewe hakushindikani. Nenda Rusumo, hapo Ngara. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda kulia, na magari yanavuka. Tangu 2016 maofisa wa nchi mbili wanahudumia msafiri katika kituo kimoja. Maporomoko yaleyale yanatoa megawati 80 za umeme, na nchi tatu, pamoja na Burundi, zinagawana sawa.

Tena Mac na Windows zina udhuru: hazikuzaliwa nyumba moja. Ingia basi ofisini. Kompyuta zote Windows, zimenunuliwa siku moja, jengo moja, mlango kwa mlango. Chumba cha kwanza wamechukua kitambulisho chako na kuandika kila kitu. Chumba cha pili unaambiwa: "Katoe kopi." Haitwi fundi, maana hakuna anayeona hitilafu. Hapo hakuna cha exFAT wala SMB. Kuna mtu anayejua kwamba taarifa zikipita zenyewe ukutani, hakuna atakayesimama tena mlangoni pake akimwita mheshimiwa.

Kompyuta angalau hukataa kwa maandishi. Nami sisemi zaidi, kwa kuwa hiyo kopi inatolewa kwangu. Ila mteja akiona bei imepanda asinifokee mimi. Arudi akalalamike chumba cha pili, na aende na kopi ya malalamiko.