Jinsi ya Kupanda Ndege Kwenda Dodoma Ukiwa Mkazi wa Kongowe

Kwanza hakikisha unaishi Kongowe ya Kibaha, ile ya Barabara ya Morogoro, siyo ya Barabara ya Kilwa mbele ya Mbagala. Dereva wa teksi uliyoitisha kwa simu saa kumi na moja alfajiri atakupigia: "Bosi, nimeshafika, mbona sikuoni?" Yuko Kongowe nyingine. Mpe pole, toka barabarani, kamata daladala.

Hesabu za kuwatajia watu ni hizi: kutoka Uwanja wa Julius Nyerere mpaka Dodoma, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 390, na ndege huchukua kama saa moja na robo. Zitaje kwa sauti. Zinaanza kuhesabiwa ndege ikishaacha lami. Ya kabla ya hapo ni mambo yako binafsi.

Sasa anza safari ya Dodoma kwa kuelekea Dar es Salaam. Ndiyo, Dodoma iko magharibi, nawe unakwenda mashariki. Utapita kituo cha Picha ya Ndege, na kwa muda mrefu hutaona ndege nyingine. Maili Moja, Kiluvya, Kibamba: njia nane za Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, zitakutia moyo. Mbezi utashuka na kutafuta gari la kupitia Malamba Mawili na Kinyerezi hadi Banana, na moyo huo utauacha kwenye foleni, umebanwa mlangoni, konda akikuambia chenji yako utapewa mbele.

Hapo Mbezi usigeuze macho kwenye Stendi ya Magufuli, iliyofunguliwa 2021. Ni saa kumi na mbili, mabasi ya Dodoma yanatoka. Yanaelekea ulikotoka, na yatapita mbele ya nyumba yako kabla hujafika Kinyerezi. Jirani yako hakuhitaji hata kwenda stendi. Kasimama Kongowe na begi lake, kanawa uso, kanywa chai.

Ukifika uwanjani vua mkanda, vua viatu, toa chaji, eleza ile chupa ya asali. Kisha kaa. Kipaza sauti kikisema safari imechelewa kidogo, usiulize. Kidogo hicho hakina kipimo.

Tuseme umebahatika, ndege imeruka saa tatu. Hakikisha uliomba kiti cha dirishani upande wa kulia, maana ule mstari ulionyooka hupita jirani kabisa na Kibaha. Mawingu yakikuhurumia, dakika chache tu baada ya kuruka utayaona mabati ya Kongowe, labda na yako mwenyewe. Umeamka saa kumi. Saa tano baadaye uko juu ya nyumba yako, na sasa ndiyo safari inaanza.

Mtu akikutajia treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024 na inayopita Soga, huko huko Kibaha, mwambie wewe una haraka.

Utamtangulia jirani wa basi, kwa hilo tusiinyime ndege haki yake. Utafika kama saa nne na robo, yeye mchana. Ila kwenye fomu ya safari, pale panapoulizwa muda, andika saa moja na robo. Kama mhasibu naye anakaa Kongowe, ataelewa.